Sheria ya Makazi na Sheria Ndogo: Historia ya Kutunga na Kutekeleza Amri katika Nchi ya Wanatta

Wataalamu wa lugha wamezoea kuliona neno «sheria ndogo» kuwa ni tafsiri iliyo wazi: pana sheria kubwa, itungwayo na Bunge, na pana iliyo chini yake, itungwayo na halmashauri ya wilaya au ya kijiji. Lakini neno la Kiingereza lililotafsiriwa hivyo halikuwa na maana ya udogo katika asili yake. Kiungo chake cha kwanza kinahusishwa na lugha za kale za Skandinavia, ambamo neno kama hilo lilikuwa na maana ya mji au makazi. Basi sheria ya namna hiyo ilikuwa kwanza sheria ya makazi, yaani mapatano ya watu waliokaa pamoja juu ya malisho, mipaka na njia zao. Baadaye Waingereza wenyewe walisahau asili hiyo, wakaielewa kuwa ni sheria ya pembeni, na Kiswahili kikaichukua maana hiyo ya baadaye.

Jambo hili si la kamusi peke yake. Historia ya Wanatta, wakaao upande wa magharibi wa nyika ya Serengeti katika Mkoa wa Mara, yaonyesha jinsi watu waliokuwa na sheria ya makazi walivyofikia kuwa na sheria ndogo. Tena yaonyesha kwamba utii wa watu haukufuata ukubwa wa mamlaka iliyotoa amri, bali ulifuata mahali pale amri iliposemwa na kusikiwa.

Kinatta ni ndugu wa karibu sana wa Kiikoma na Kiisenye, hata wataalamu wengi huzihesabu zote tatu kuwa ni lahaja za lugha moja. Katika Kinatta nchi huitwa «ekyaro», neno ambalo Wakuria wa Tarime hulitamka «ikiaro». Maana yake si ardhi tu. Ni ardhi pamoja na watu wanaowajibika juu yake. Kabla ya kuja Wazungu, Wanatta hawakuwa na mtemi wa kuamuru nchi nzima. Mamlaka yaligawanywa baina ya ukoo, rika na kizazi. Kikundi cha kizazi kiliitwa «rikora», na kikundi cha rika kiliitwa «saiga». Rikora lilikuwa na kazi ya kuiponya nchi na kuilinda mipaka yake. Saiga liliwakusanya vijana wa umri mmoja, wakawa na nguvu ya kulinda mifugo na kuyatimiza maamuzi yaliyopatanwa.

Yafaa kuutazama vizuri mpango huo. Waliotoa neno na waliolitekeleza walikuwa watu wa nchi moja. Aliyekaidi alikutana na wenzi wake wa rika, ambao alikula nao na ambao angewahitaji siku ya msiba au ya kuvamiwa. Adhabu iliyokuwa nzito kuliko zote ilikuwa kutengwa. Hapana karani aliyeandika amri, lakini hapana pia mtu aliyeweza kusema kwamba hakuisikia. Mpango huu haukuwa mkamilifu, kwa maana wanawake na vijana hawakuwa na sauti sawa na wazee. Hata hivyo njia ya amri ilikuwa fupi.

Njia hiyo ilianza kurefuka wakati wa utawala wa Wajerumani, waliojenga boma katika nchi ya jirani ya Ikoma mwanzoni mwa karne ya ishirini. Mtawala wa kigeni hakuweza kuzungumza na rikora zima. Alitaka mtu mmoja wa kujibu kwa ajili ya wote. Ndipo wakateuliwa wakuu ambao cheo chao hakikuwa na mizizi katika desturi ya nchi. Waingereza waliurithi mpango huo na kuupa umbo la kisheria. Chini ya Gavana Donald Cameron ilitolewa sheria ya mwaka 1926 juu ya mamlaka za wenyeji katika Tanganyika. Sheria hiyo ilitenga namna mbili za maagizo ambazo kwa Kiswahili zaweza kuitwa amri na kanuni. Amri zilihusu mambo yaliyotajwa katika sheria yenyewe, kama vile kutengeneza pombe, kuchukua silaha, kukata miti, kuchafua maji na kuzuia maradhi. Kanuni zilikuwa za kudumu zaidi, nazo zilihitaji kibali cha serikali. Tena Bwana Shauri aliweza kumwagiza mtemi atoe amri ambayo mtemi mwenyewe hakuifikiria.

Mtemi basi alikuwa mtoaji wa amri, mkuu wa matarishi waliowakamata wakosaji, na mara nyingi pia mwenye kuketi katika baraza lililowahukumu. Kwa nje amri ilionekana kuwa ni ya wenyeji, kwa kuwa ilitoka katika kinywa cha mwenyeji. Kwa ndani mara nyingi ilikuwa imetungwa katika boma. Watu walilitambua jambo hilo. Katika milima ya Uluguru mwaka 1955 wananchi walisimama kupinga kazi ya kulazimishwa ya kuchimba matuta ya ngazi, na hasira yao iliwaelekea watawala wao wa kienyeji waliokubali kuitekeleza. Katika Usukuma, jirani ya Mara, kanuni za kupunguza mifugo na za kilimo zilizotolewa kwa jina la watemi zilizidisha chuki iliyolipuka Geita mwaka 1958. Amri hizo zilikusudia kuhifadhi udongo, na wataalamu wengi wa siku zile waliona kuwa ni za lazima. Hata hivyo zilishindwa, kwa sababu aliyetakiwa kuzitii alizipokea zikiwa zimekwisha kukatwa.

Baada ya Uhuru, cheo cha mtemi kiliondolewa kisheria mwaka 1963. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, na kazi zao zikachukuliwa na maofisa wa serikali kuu. Kisha watu wakahamishiwa katika vijiji, na sheria ya mwaka 1975 ikakipa kijiji mkutano wake na halmashauri yake. Halmashauri za wilaya zilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, zikaanza kazi mwaka 1984, na mwaka huo huo serikali za mitaa zikaingizwa katika Katiba.

Kwa sheria hiyo ya 1982 halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, yaweza kutunga sheria ndogo. Lakini kwanza yapasa kuuita mkutano wa kijiji, ambao kila mkazi mtu mzima ni mjumbe wake, ili utoe maoni. Kisha rasimu pamoja na muhtasari wa mkutano hupelekwa mbele kwa njia ya kata hadi halmashauri ya wilaya, ambayo kwa Wanatta ni ile ya Serengeti yenye makao yake Mugumu. Sheria haianzi kutumika mpaka halmashauri hiyo iikubali. Sheria ndogo za wilaya zenyewe hutangazwa kwanza kwa wananchi ili wenye pingamizi waseme, hupitishwa na madiwani, hupelekwa kwa Waziri, kisha huchapishwa katika Gazeti la Serikali. Kwa hiyo uwezo wa kutunga umerudishwa karibu na watu, bali uwezo wa kuthibitisha umebaki mbali.

Utekelezaji nao una historia yake. Wizi wa ng'ombe ulipozidi, watu wa Tarime hawakungoja polisi. Katika miaka ya 1990 walilipokea jeshi la sungusungu, lililoanza miaka ya mwanzo ya 1980 huko Usukuma na Unyamwezi, wakaliunganisha na «iritongo», yaani mkutano wa hadhara wa Kikuria ambamo wakosaji hutajwa na kuhukumiwa mbele ya watu. Sheria ya mwaka 1989 ilikuwa imekwisha kuwapa sungusungu uwezo wa kukamata. Nguvu yao ilikuwa ile ile ya rika: mkamataji na mkamatwaji walijuana. Hatari yao ilikuwa hapo hapo, kwa maana mkutano wenye hasira waweza kumwadhibu mtu asiye na hatia, na sheria iliyoandikwa haina budi kuwapo ili kumlinda.

Wanatta wana jaribio jingine, nalo ni juu ya ardhi na wanyama. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na mwaka 1994 mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo yakatangazwa. Wawindaji wa kale waliona mbuga zao zikifungwa kwa sheria ambazo hawakuzitunga. Ndipo, kwa kanuni za mwaka 2002, vijiji vikaruhusiwa kutenga sehemu ya ardhi yao na kuisimamia kwa pamoja kwa faida ya uhifadhi. Vijiji vitano, Robanda na Natta-Mbiso vikiwamo, vikaungana katika jumuiya iitwayo Ikona. Jina hilo limeundwa kwa kuunganisha mwanzo wa Ikoma na mwanzo wa Nata. Ekyaro mbili zimefanywa neno moja. Swali lililobaki ni kama maamuzi ya jumuiya hiyo yatakuwa ya wanakijiji wenyewe, au yatawarudia yakiwa yamekwisha kukatwa kama zile amri za zamani.

Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilibadilishwa, Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hii ni hatua kubwa, kwani kwa miaka mingi mwananchi aliweza kutozwa faini kwa maneno ambayo hakuyaelewa. Hata hivyo tafsiri peke yake haitoshi. Amri ya mwaka 1926 ilipofika kijijini ilisemwa kwa lugha ya wenyeji, wala haikupendwa kwa sababu hiyo. Mwenye kutafsiri sheria ana kazi ya maneno. Mwenye kuitunga ana kazi ya kuwaita watu kabla maneno hayajaandikwa. Kazi hii ya pili ikiachwa, sheria ya kijiji itakuwa ndogo kweli, kwa jina na kwa heshima.