Mshahara wa Effendi: Askari wa Mjerumani, familia yake na deni lililochelewa

Mwaka 1964, mwaka aliofariki Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa malimbikizo ya mishahara askari wa Kiafrika waliopigana chini yake katika Vita Kuu ya Kwanza na waliokuwa bado hai. Dirisha la malipo lilifunguliwa Mwanza, wakajitokeza wazee wapatao 350. Waliokuwa na hati walizopewa mwaka 1918 walikuwa wa kuhesabika. Wengine walileta mabaki ya sare, na wengine walikuja mikono mitupu. Inasimuliwa kuwa mtumishi wa benki aliyetoka Ujerumani alimkabidhi kila asiye na ushahidi fagio, kisha akamwamrisha gwaride la bunduki kwa Kijerumani. Hakuna mzee aliyekosea hata amri moja.

Kisa hicho husimuliwa kwa kicheko, na wengi hukiishia hapo kwenye fagio. Tukitazame upande wa pili: deni lililipwa miaka 46 baada ya vita kwisha, likalipwa kwa aliyejaliwa umri mrefu, aliyepata habari na aliyeweza kufika Mwanza. Je, waliokufa kabla? Je, wajane na watoto wao?

Vita ilipopita Biharamulo

Vita ilipoanza Agosti 1914, jeshi la kikoloni la Kijerumani, Schutztruppe, lilikuwa na askari wa Kiafrika wapatao 2,500 na Wazungu wasiozidi 300, waliogawanywa katika kombania 14. Kombania ya 7 ilikuwa na makao yake Bukoba. Juni 1915 Waingereza walivuka Ziwa Victoria, wakaiteka Bukoba, wakakibomoa kituo chake cha simu ya upepo, kisha wakaondoka. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Wabelgiji. Majeshi yao, yaliyojaa askari kutoka Kongo, yaliingia Kigali Mei 1916, yakashuka hadi Biharamulo mwezi Juni, na mnamo Septemba 19 yakaitwaa Tabora. Boma la Wajerumani pale Biharamulo likabadili mwenyewe.

Nchi yote iliyo kati ya Bugarama, Ngara na ziwa ilikuwa njia ya vita. Kila kombania ilipopita ilihitaji wapagazi, chakula na watu wanaozijua njia. Ilihitaji pia rugaruga, yaani wapiganaji wasio wa kudumu, ambao watawala wa kienyeji waliwatoa kuongezea nguvu jeshi la kawaida. Hawa ndio waliokuwa mgambo wa zama zile. Askari aliandikishwa, akapewa sare na mshahara wa rupia. Rugaruga aliitwa vita ilipokuja na kuachiwa ilipokwisha, mara nyingi bila jina lake kuandikwa popote. Mjukuu wake akienda leo kumtafuta katika nyaraka, huenda asipate hata mstari mmoja.

Baba na mwana jeshini

Familia ya askari tunayoijua kwa kina kuliko nyingi haikutoka nchi hiyo ya Ziwa Magharibi (Kagera ya leo) bali Dar es Salaam. Adam Mohamed, Msudani, alitumikia jeshi la Wajerumani hadi akafikia cheo cha effendi, cheo cha juu kabisa ambacho Mwafrika angeweza kupewa. Mwanawe, Mahjub bin Adam Mohamed, alizaliwa Februari 22, 1904. Kijana alijifunza Kijerumani mapema, na kabla ya vita alikuwa tayari karani kiwandani huko Lindi. Vita ilipoanza, baba na mwana waliingia jeshini pamoja. Mwana alikuwa na umri wa miaka 10.

Umri huo unatushtua sisi leo, lakini kambi ya askari haikuwa ya wanaume watupu. Wake na watoto waliandamana na kombania. Wanawake walipika, walibeba mizigo, wakajifungua safarini. Watoto walitumwa kazi ndogondogo, na baadhi wakafundishwa kupeleka ishara. Askari aliyeacha jeshi aliuacha na mji wake, maana familia yake ilikuwa humo humo. Hiyo ni sababu mojawapo iliyowafanya wengi waendelee kumfuata Lettow-Vorbeck kwa miaka minne, kuvuka Ruvuma hadi Msumbiji na hatimaye Rhodesia ya Kaskazini, alikosalimu amri Novemba 25, 1918.

Mahjub hakufika huko. Oktoba 1917, katika vita vya Mahiwa karibu na Lindi, mojawapo ya mapigano yaliyomwaga damu nyingi kuliko yote katika Afrika Mashariki, alijeruhiwa na kuwa mateka wa Waingereza. Alikuwa na miaka 13.

Madai Berlin

Baada ya vita alifanya kazi melini, hasa akiwa mhudumu katika meli za kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1929 alishuka Ujerumani, akaenda Berlin kudai mshahara wake pamoja na wa baba yake. Wizara ya Mambo ya Nje ilimjibu kwamba muda wa kuwasilisha madai umepita.

Akabaki hapo hapo. Akawa mhudumu katika Haus Vaterland, jumba kubwa la burudani, na akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Wajerumani walimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Januari 27, 1933, siku tatu kabla Hitler hajashika madaraka, alimwoa Maria Schwandner, na wakajaliwa watoto. Aliomba nishani ya wapiganaji wa mstari wa mbele, akanyimwa. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939 alijitolea tena kuwa askari, akakataliwa. Riziki aliyoipata ilikuwa ya kuigiza filamu za kikoloni, ambamo alikuwa mtumishi, mpagazi au askari mtiifu. Yaani utumishi wake ulikuwa na thamani kama maigizo, lakini dai lake lilipokuja kama deni halikuwa na wa kulipa.

Mwaka 1941 polisi wa siri walimkamata kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mwingine wa Kizungu, wakampeleka kambi ya mateso ya Sachsenhausen bila kumfikisha mahakamani. Alifia humo Novemba 24, 1944. Mwaka 2007 jiwe dogo la kumbukumbu lenye jina lake liliwekwa barabarani Berlin, mbele ya nyumba aliyowahi kuishi.

Nani aliandikwa?

Dai ambalo Berlin ililikataa mwaka 1929 ndilo hilo hilo Ujerumani Magharibi ililikubali mwaka 1964. Haki ilikuwa ile ile na vita ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni utashi wa mlipaji. Hata Mahjub tunamjua leo kwa sababu alikuwa msumbufu wa ofisi: barua zake za madai zilihifadhiwa, na watafiti wakazikuta.

Waingereza nao, baada ya kuichukua Tanganyika, walisimamisha Sanamu ya Askari Dar es Salaam mwaka 1927. Inawaenzi askari na wapagazi wote kwa pamoja, bila jina la hata mmoja. Ilibidi ije vita nyingine, ya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin, mkoani humo humo Kagera, ndipo desturi ibadilike. Safari hiyo maelfu ya wanamgambo kutoka vijijini waliungana na Jeshi la Wananchi, na katika makaburi ya mashujaa ya Kaboya, wilayani Muleba, majina ya waliozikwa yameandikwa kwenye mnara.

Mnara, hata hivyo, huandika waliokufa. Mwanamgambo aliyerudi salama Ngara au Biharamulo, akashika jembe lake, bado anaitegemea familia yake imwandike. Wengi wao sasa ni wazee wa miaka sabini na zaidi. Daftari la shule linatosha: jina kamili, mwaka aliochukuliwa, kikosi, alikopita, mwenzake aliyekuwa naye, na nani alibaki akilea watoto na kulima shamba. Aandike mjukuu, mzee akiwa bado anaweza kumsahihisha.