Mudende Ni Wapi?

Kila ifikapo tarehe 11 Desemba tunawasha mishumaa, na kila mwaka watoto waliozaliwa kambini wanatuuliza: Mudende ni wapi? Tunawajibu, karibu na Gisenyi, basi. Jibu hilo halitoshi. Ndiyo sababu kamati imeonelea tuandike machache juu ya mahali penyewe, na juu ya jinsi wafu wa upande ule wanavyokumbukwa.

Gisenyi ni mji wa mpakani, na tangu mwaka 2006 umo katika wilaya ya Rubavu. Mpaka wenyewe walipatana juu yake Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza mwaka 1910. Wazee wetu wa Rutshuru hawakuulizwa. Miaka minne baadaye hao waliopatana wakaanza kupigana. Kapiteni Max Wintgens aliwazuia Wabelgiji pale Gisenyi, hata Mei 1916 akalazimika kurudi nyuma. Wintgens yumo vitabuni. Askari Waafrika wa pande zote mbili, pamoja na wapagazi waliobeba risasi na chakula kichwani, wametajwa kwa hesabu tu, kama mizigo yao. Tulishike neno hilo, tutalirudia.

Penye makaburi ya mji ndipo Watutsi wengi walipopelekwa kuuawa mwaka 1994. Pakaitwa Commune Rouge, yaani komini nyekundu, na leo ni mahali pa ukumbusho wa mauaji ya kimbari. Hapo aliuawa Félicité Niyitegeka, tarehe 21 Aprili 1994. Mama huyu alikuwa mtumishi wa Kanisa Katoliki katika Centre Saint-Pierre. Aliwaficha waliokuwa wakisakwa, akawasaidia wengine kuvuka kwenda Goma. Ndugu yake, ofisa wa jeshi, alimsihi awaache ajiokoe. Akamjibu kwa barua kwamba haondoki. Akafa pamoja nao. Rwanda imemweka kati ya mashujaa wake wa daraja la Imena. Sisi tuliokuja kuvuka mpaka huo huo, tukitokea Kongo, jina lake tunalitamka kwa heshima.

Mudende iko juu ya mji, upande wa milima ya volkano, mahali palipokuwa na chuo kikuu cha Waadventista. Huko ndiko walikowekwa watu wetu wa Masisi na Rutshuru waliofukuzwa makwao kati ya 1995 na 1996. Maelfu ya watu chini ya mashitingi, na baridi ya kule wenye kuijua wanaijua. Usiku wa kuamkia 22 Agosti 1997 waliingia abacengezi, yaani askari wa jeshi la zamani la Rwanda na Interahamwe, wakaua zaidi ya watu 100. Tulizika, tukabaki pale pale. Kwa nini kambi haikuhamishwa wakati ule? Wazee wetu wanauliza hadi leo, na sisi hatutawanyamazisha. Usiku wa kuamkia 11 Desemba wauaji walirudi na bunduki na mapanga. Safari hii waliokufa walizidi 200, wengi wao akina mama na watoto, na baadhi yao walikuwa wamenusurika mwezi wa Agosti.

Waliobaki walipelekwa Gihembe, karibu na Byumba. Tulikaa huko zaidi ya miaka 20, tukaoza mabinti, tukazika wazee. Mwaka 2021 kambi ilifungwa, tukaletwa hapa Mahama. Wengine wamekwisha kwenda Marekani na kwingineko. Kwa hiyo waliokuwapo Mudende usiku ule wametawanyika, na wanaokumbuka nani alilala hema gani wanapungua kila mwaka. Tukiendelea hivi, wafu wetu nao watabaki hesabu tu kama wale wapagazi.

Kamati inaomba kila familia imletee mwandishi wetu majina ya watu wake: jina la marehemu, la baba yake, kijiji alichotoka Kongo, na umri kama unajulikana. Walio nje ya nchi watume kwa jamaa zao walioko hapa. Anayejulikana kwa jina la utani tu, aandikwe hivyo hivyo. Mtoto mchanga aliyekufa kabla ya kupewa jina, ataandikwa kwa jina la mama yake.