Mkazo wa oksidisho katika vimelea vya malaria

Mkazo wa oksidisho katika vimelea vya malaria ni hali ambapo molekuli kali za oksijeni huzidi uwezo wa kimelea kuzidhibiti ndani ya chembe nyekundu ya damu. *Plasmodium falciparum* humeng'enya himoglobini na kuachia hemu, ambayo chuma chake huchochea molekuli hizo. Kimelea hujikinga kwa glutathioni na kwa kugeuza hemu kuwa fuwele za hemozoini. Chembe zenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao Anthony Allison aliuripoti kwa Waafrika Mashariki mwaka 1960, huhimili mkazo huo kwa shida. Garsen na kwingineko Tana River, kama Kenya nzima, malaria isiyo kali hutibiwa kwa dawa mseto zenye artemisinini, ambayo huamshwa na hemu na kuharibu protini za kimelea.