Kilango cha Mvuke: Habari za Sufuria ya Presha

(Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosemwa katika redio. Mwisho wa somo yako maswali ya kujibu darasani.)

Natumaini mmekwisha kaa, na daftari zenu ziko tayari. Somo la leo ni la historia, lakini halitaanza na wafalme wala na vita. Litaanza jikoni.

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, aliletewa zawadi na mwanawe. Ilikuwa sufuria ya umeme inayopika kwa nguvu ya mvuke, ile ambayo watu wengi huiita presha kuka. Mama alifurahi sana, kwa maana maharage yaliyokuwa yakimla mkaa asubuhi nzima sasa yaliiva upesi. Lakini jambo moja lilimtisha. Kila alipokigeuza kile kilango kidogo kilicho juu ya kifuniko, mvuke ulitoka kwa nguvu, ukafoka kama swila. Basi akazoea kukunja kitambaa chenye maji na kukikandamiza juu ya tundu, ili kelele zipungue.

Siku moja nilimkuta akifanya hivyo. Nikamwomba akiondoe kitambaa na kusogea nyuma. Akaniuliza, "Mwalimu, kitu kinachopiga kelele namna hii si kinataka kupasuka?"

Swali lile lilikuwa zuri, nalo lina jibu. Jibu lake lilianza kutafutwa zaidi ya miaka 300 iliyopita, na watu wengi walikufa kabla halijakubaliwa na wote. Leo nitawaeleza habari hiyo.

NGUVU YA MVUKE

Tuanze na jambo ambalo kila mmoja wetu ameliona. Teleka maji katika sufuria ya kawaida, uifunike. Maji yakichemka, kifuniko huanza kuchezacheza. Ni nani anayekiinua? Ni mvuke. Maji yakigeuka kuwa mvuke hutaka nafasi kubwa sana. Kikombe kimoja cha maji, kikigeuka mvuke wote, huweza kujaza nafasi ya vikombe zaidi ya 1,600. Kwa hiyo mvuke husukuma kila upande mpaka upate njia.

Sasa tazameni jambo la pili. Pwani, maji yaliyo katika sufuria ya kawaida huchemka kwenye joto la digrii 100 za Selsiasi, na hapo ndipo yanapokoma. Hata ukiongeza kuni, maji hayapati moto zaidi. Hukauka upesi tu. Katika nchi za juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji huchemka kabla ya kufika digrii 100. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, maji huchemka yakiwa karibu na digrii 95. Ndiyo sababu maharage huchelewa kuiva Nairobi kuliko Mombasa.

Lakini mvuke ukifungiwa ndani, hubana maji yasichemke mapema, na joto huzidi kupanda. Katika sufuria ya presha joto hufika digrii 110, na katika nyingine hata 120. Hapo nyama ngumu hulainika na maharage huiva upesi. Basi angalieni: faida ya sufuria hii yatoka katika mvuke uliofungwa, na hatari yake yatoka hapohapo. Huwezi kuipata moja bila kukutana na nyingine.

BWANA PAPIN NA MIFUPA

Mtu aliyelifanyia kazi jambo hili alikuwa Mfaransa, jina lake Denis Papin. Alizaliwa mwaka 1647 karibu na mji wa Blois. Alisomea udaktari, lakini moyo wake ulikuwa katika mitambo. Huko Paris alifanya kazi pamoja na Christiaan Huygens, mtaalamu wa Kiholanzi. Kisha akavuka bahari mpaka London, akawa msaidizi wa Robert Boyle, aliyekuwa akichunguza tabia za hewa.

Mwaka 1679 Papin aliwaonyesha wataalamu wa London, wa chama kiitwacho Royal Society, chombo chake kipya. Kilikuwa chungu kinene cha madini, na kifuniko chake kilibanwa kwa skrubu ili mvuke usitoroke. Mwaka 1681 alitoa kitabu cha kukieleza.

Je, alitaka kupika nini? Mifupa. Katika mifupa mna chakula kizuri, lakini watu waliitupa kwa kuwa haitafuniki. Papin aliona kwamba kama mifupa ingelainishwa, watu maskini wangepata chakula kwa gharama ndogo. Tarehe 12 Aprili 1682, baadhi ya wanachama wa chama kile walikula chakula cha jioni ambacho chote, samaki na nyama, kilipikwa katika vyungu vya Papin. Mmoja wao, John Evelyn, aliandika habari za jioni ile katika kitabu chake cha kumbukumbu. Alistaajabu kuona mifupa ya ng'ombe na kondoo imelainika hata ikalika.

Lakini Papin alikuwa na shida. Alijuaje kwamba chungu kimepata moto wa kutosha, wala hakijazidi? Hakuwa na kipimo cha kutia ndani. Basi alidondosha tone la maji juu ya kifuniko, akahesabu muda wake mpaka likauke. Hiyo ilimwonyesha joto. Nguvu ya mvuke, hata hivyo, ilitaka ulinzi mwingine.

Hapa ndipo lilipo jambo kubwa la somo letu. Papin angeweza kusema, "Nitafanya chungu kinene zaidi." Lakini unene una mwisho, na moto ukiendelea mvuke huzidi tu. Kwa hiyo alitoboa tundu dogo katika kifuniko, akaliziba kwa kizibo, na juu ya kizibo akalaza ufito wenye jiwe la uzito. Wale mliopata kuiona mizani ya mkono, ile ambayo jiwe lake husogezwa mbele na nyuma juu ya ufito, mtaelewa mara moja. Mvuke ukiwa wa kiasi, jiwe hushinda na tundu hubaki limefungwa. Mvuke ukizidi, hukiinua kizibo na kutoka nje wenyewe. Ukipungua, kizibo hurudi mahali pake. Hapana haja ya mtu kukaa macho usiku kucha.

Hicho ndicho kilango cha usalama. Ulinzi wa chungu haukuwa katika kuuzuia mvuke daima, bali katika kuuwekea njia kabla haujaitafuta wenyewe.

Papin mwenyewe hakupata raha. Alikuwa Mprotestanti, na mwaka 1685 mfalme Louis wa 14 aliwaondolea Waprotestanti wa Ufaransa ruhusa ya kuabudu, hata Papin asiweze kurudi kwao. Alifundisha huko Marburg, Ujerumani, na mwaka 1690 akaandika jinsi mvuke unavyoweza kusukuma chuma ndani ya bomba na kufanya kazi. Wengine walistawisha mitambo ya namna hiyo na kupata sifa. Papin alifia London akiwa maskini.

WALIOKIZIBA KILANGO

Katika karne ya 19 mvuke uliendesha viwanda, meli na magari ya moshi. Kila mtambo ulikuwa na boila, yaani pipa kubwa la chuma la kuchemshia maji, na juu ya boila palikuwa na kilango. Lakini palikuwa na watu waliokichukia. Kila mvuke ulipotoka, waliona kuni zao na mbio zao zinapotea hewani. Wengine waliongeza mawe juu ya ufito, na wengine waliufunga kabisa.

Tarehe 25 Aprili 1838, meli ya mvuke iitwayo Moselle ilikuwa katika mto Ohio, karibu na mji wa Cincinnati, Marekani. Ilikuwa meli mpya, yenye sifa ya mbio. Ilisimama kando ya mto kuchukua abiria. Meli ikisimama, mashine haifanyi kazi na mvuke hauna pa kwenda. Huo ndio wakati wa kuutoa. Lakini mvuke uliwekwa ndani, ili meli iondoke kwa kasi. Ilipojitenga tu na ukingo, maboila yake yakapasuka. Watu zaidi ya 100 walikufa.

Mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kukagua maboila ya meli. Haikutosha, na mwaka 1852 ikaja nyingine kali zaidi. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1882 iliamuru kila boila linalopasuka lichunguzwe ili sababu yake ijulikane. Kidogo kidogo watu walikubali neno la Papin.

Hata kwetu mvuke ulifika. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na magari yake yalivutwa kwa mvuke. Wazee waliopata kuyaona magari ya moshi watakumbuka jinsi gari lilivyosimama stesheni likifoka. Mara nyingine ile ilikuwa sauti ya kilango kikifanya kazi yake.

Chungu cha Papin kiliingia hospitali pia. Mwaka 1879 Charles Chamberland, aliyefanya kazi na Louis Pasteur huko Paris, alitengeneza chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke uliobanwa. Mpaka leo vyombo vya waganga husafishwa kwa namna hiyo.

SUFURIA YA LEO

Sufuria za presha za kuweka jikoni zilienea katika nyumba nyingi duniani katika karne ya 20, na mwishoni mwa karne hiyo zikaja za umeme. Hizi hujipima joto na kukata umeme zenyewe. Siku hizi zinafika kwetu kwa wingi. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilitangaza mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukiwa na shabaha ya kuwafikia watu 80 katika kila 100 ifikapo mwaka 2034. Sufuria ya umeme ni njia mojawapo. Kwa hiyo yafaa tujue kuitumia.

Juu ya kifuniko mna kilango cha kutolea mvuke. Karibu nacho mna kipini kidogo. Mvuke ukijaa, kipini hupanda na kukifunga kifuniko. Mvuke ukiisha, hushuka. Kipini kikiwa juu, usijaribu kufungua kifuniko hata kidogo.

Ziko njia mbili za kutoa mvuke. Ya kwanza ni kuzima umeme na kuiacha sufuria ipoe yenyewe mpaka kipini kishuke. Ifuateni hii kwa maharage, uji, wali na supu nzito, kwa maana vyakula hivi hufanya povu. Ukifungua kilango kwa ghafula, povu hupanda, likaziba tundu au kuruka nje likiwa moto. Njia ya pili ni kukigeuza kilango ili mvuke utoke mara moja. Hii yafaa kwa mboga na vitu visivyo na povu.

Sasa andikeni haya katika daftari:

1. Usijaze sufuria zaidi ya theluthi mbili. Kwa maharage na nafaka, usipite nusu.
2. Kabla ya kupika, tazama kama tundu la kilango ni safi. Usipike bila maji.
3. Weka sufuria mahali pa wazi, mbali na watoto, wala si chini ya kabati.
4. Geuza kilango kwa mwiko mrefu. Uso na mkono visiwe juu ya tundu. Mvuke wenyewe, hapo unapotoka, hauonekani. Lile wingu jeupe ni mvuke uliokwisha kupoa.
5. Usikizibe kilango kwa kitambaa wala kwa kitu chochote.
6. Kipini kikishuka, inua kifuniko ukianza upande wa mbali nawe, ili mvuke uliobaki uende huko.

Mvuke huunguza kuliko maji yanayochemka, kwa sababu ukigusa ngozi hugeuka maji na kuiachia ngozi joto lote ulilokuwa nalo. Mtu akiungua, mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Msimpake mafuta wala dawa ya meno. Ikiwa ameungua usoni, au pana malengelenge makubwa, mpelekeni hospitali.

Basi nirudi kwa jirani yangu. Nilimjibu hivi: "Mama, sufuria inayopiga kelele inapumua. Ya kuogopa ni ile iliyozibwa pumzi." Tangu siku ile kitambaa hufutia meza. Maharage yake huyaacha yapoe yenyewe, naye hukaa kando akichambua mchicha mpaka kipini kishuke.

Kwaherini, mabibi na mabwana.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini maharage huchelewa kuiva Nairobi kuliko Mombasa?
2. Papin alitaka kuwasaidia watu gani, na kwa chakula gani?
3. Eleza kwa maneno yako jinsi jiwe la uzito lilivyolinda chungu.
4. Meli Moselle iliposimama, ni jambo gani lilipasa kufanywa?
5. Taja vyakula vitatu ambavyo sufuria yake haifai kufunguliwa kilango kwa ghafula. Kwa nini?