Fumbo la maneno la majina ya mastaa: Zuchu anavyokutana na Mbegha wa Usambara

Fumbo la maneno ni ule mchezo wa visanduku vyeupe na vyeusi unaowekwa kurasa za ndani za magazeti, mara nyingi chini ya jina la chemshabongo. Mjazaji husoma dokezo, huhesabu visanduku, kisha huandika herufi moja katika kila kisanduku. Maneno mengine huenda kulia, mengine hushuka chini, na yanapokutana hushirikiana herufi. La kwanza lilitungwa na Arthur Wynne, likatoka kwenye gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Umbo lake lilikuwa la almasi, kwa hiyo Diamond alikuwamo tangu siku ya kwanza.

Fumbo la majina ya watu maarufu lina ujanja wake. Dokezo halimtaji mtu, linachezea maana ya jina lake. Kiswahili kina utajiri hapo, maana majina mengi bado ni maneno ya kila siku.

Mfano: “Kiti cha daladala kilichoimba taarabu”, visanduku 4. Jibu ni SITI. Siti binti Saad alizaliwa akiitwa Mtumwa. Siti, yaani bibi wa heshima, ni jina alilopewa baadaye, ila kwa abiria wa leo siti ni mahali pa kukaa tu. Au: “Hukaa kiganjani mwa mkulima, ikakaa pia bungeni kwa Mbeya Mjini”, visanduku 4. Hiyo ni SUGU, jina la kisanii la Joseph Mbilinyi.

Mjazaji mzoefu huanza na kisanduku cha mwisho. Neno la Kiswahili huishia na irabu, basi hapo pana A, E, I, O au U. Neno linalokatiza likileta konsonanti mwishoni, kuna jina la mtu au neno la kigeni limejificha. “Mwezi unaoitangulia Ramadhani, mzaliwa wa Vibambani”, visanduku 7: mwezi wenyewe ni Shaabani, herufi 8, haiingii. Anayetakiwa ni mwandishi Shaaban Robert, na SHAABAN inaishia na N.

Milima ya Usambara ina mitego mizuri zaidi. “Mwezi wa siku 31 ulioingia bungeni mwaka 2010 kutoka Bumbuli”, visanduku 7. Wengi wataandika JANUARI na herufi zitatosha kabisa! Lakini mbunge huyo aliandikwa January Makamba, kwa Y. Anayeijaza I mapema anaiharibu kona nzima, kisha anaanza kumlaumu mtunzi.

Visanduku 11 navyo vinachanganya. Enzi za Wajerumani mji wa Lushoto uliitwa Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari Wilhelm II. Na lile ua dogo la zambarau la misitu ya Usambara, linalopandwa kwenye vyungu duniani kote, lilipewa jina la Saintpaulia mwaka 1893 kutokana na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa Mjerumani aliyelipeleka Ulaya. Majina yote mawili yana herufi 11. Dokezo likisema “ua lenye mtakatifu tumboni” hakuna shida, lakini likisema tu “Mjerumani alibaki Usambara”, hapo kalamu ya risasi ni bora kuliko ya wino.

Kigumu kuliko vyote ni hiki: “Alikuja kuwinda nguruwe, akaondoka kwenye miti akiwa mfalme”. Mbega ni kima mweusi mwenye manyoya meupe marefu mabegani, anayeruka kwenye miti ya misitu hiyo. Ndilo pia jina la mwindaji kutoka Unguu ambaye, kwa masimulizi ya Washambaa, aligawa nyama, akaua simba, akaitwa Simba Mwene na kuketi Vuga kama mwanzilishi wa ukoo wa Wakilindi. Katika Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi anaandikwa Mbega, herufi 5. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu ufalme wa Washambaa, aliandika Mbegha, herufi 6, akifuata matamshi ya Kishambaa.

Visanduku vikiwa 6 na mjazaji hana uhakika H inakaa wapi, aangalie neno linaloshuka kupitia kisanduku cha tano: “Sayari ya alfajiri, binti wa Khadija Kopa”, visanduku 6. Zuchu jina lake la kuzaliwa ni Zuhura, na Zuhura ndiyo sayari ing’aayo kabla ya jua kuchomoza. Herufi ya tatu ya ZUHURA ni H. Inatua palepale, baada ya G, kabla ya A.