Kisumu Ndogo: Fahari ya Kibera na deni lisilolipwa

Nairobi ilipopewa hadhi ya jiji mwaka 1950, Kibera ilikuwa tayari ina wazee wenye wajukuu. Askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles walianza kuutumia msitu uliokuwa hapo mwaka 1904, miaka mitano tu baada ya reli kufika Nairobi na kuuzaa mji wenyewe. Pumwani ilikuwa haijapimwa, Kaloleni haijawaziwa, na Buruburu ingesubiri miongo saba. Kwa umri, mitaa mingi ya Nairobi inapaswa kuiamkia Kibera. Kwa maji, vyoo, barabara na hati za ardhi, hata mitaa iliyozaliwa juzi imeipita.

Ndani ya Kibera hiyo, jirani ya Gatwekera na Kambi Muru, kuna kijiji kiitwacho Kisumu Ndogo. Wenyeji husema "kijiji" ingawa nyumba zimebanana hivi kwamba maji ya paa la huyu humwagikia mlangoni pa yule. Jina lenyewe si la hapo pekee. Korogocho kuna Kisumu Ndogo, na hata Malindi, mamia ya kilomita kutoka Ziwa Victoria, ipo nyingine. Wajaluo walipokwenda mijini kutafuta riziki, jina la mji wa nyumbani liliwafuata. Wakazi wa Kisumu Ndogo ya Kibera wanajivunia mahali pao, na kinyongo walicho nacho hakipunguzi fahari hiyo.

Msitu wa askari

Wanubi hawakufika Kenya kwa hiari yao. Mababu zao waliandikishwa jeshini huko Sudan. Mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard akawachukua mabaki ya jeshi la Emin Pasha na kuwapeleka Uganda, na kutoka hapo Waingereza wakawatumia katika vita vyao vya Afrika Mashariki. Walipostaafu, wengine waliwekwa Kibos, karibu na Kisumu yenyewe, na wengine Kibera. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi ekari 4,197 za Kibera kuwa ardhi ya jeshi. Askari mstaafu alipewa kibali cha kulima na kujenga, lakini hakupewa hati.

Hapo ndipo mzizi wa fitina ulipo. Mwaka 1928 jeshi liliikabidhi Kibera kwa utawala wa kiraia, na miaka michache baadaye Tume ya Carter iliyochunguza ardhi ya Kenya ikawahesabu Wanubi kuwa wapangaji wanaoishi pale kwa hisani ya serikali. Serikali ilitamani kuwahamisha, ikakosa fedha za fidia na mahali pa kuwapeleka. Ikachagua njia ya tatu, ambayo ni kuwaacha bila kuwahudumia. Kuweka mabomba na barabara kungekuwa sawa na kukiri kwamba watu hawa wamefika kukaa.

Hata hivyo wakakaa. Makina, Lindi, Toi na Laini Saba, iliyopata jina kutokana na uwanja wa shabaha wa askari, zikawa na nyumba za udongo zilizozungukwa na mashamba ya mahindi na miti ya matunda. Akina mama wakasuka tabaga, zile kawa za rangi nyingi ambazo hadi leo hufunikia chakula kwenye harusi za Kinubi. Makaburi yakachimbwa. Mtu alizaliwa Kibera, akaoa Kibera, akazikwa Kibera, na bado kwenye daftari la serikali akabaki mgeni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ndivyo ilivyokuwa. Baada ya uhuru, ardhi hiyo ilihesabiwa kuwa ya serikali, nayo ikaimega kipande baada ya kipande. Jamhuri, Ngummo, Golf Course, Ayany na Olympic zote zimejengwa juu ya Kibera ya zamani. Zile ekari 4,197 hazikubakiza hata 700 za kujibanza maskini. Klabu ya gofu ya Royal Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1906, leo inapakana na mabati ya watu waliotangulia kuwa pale, na nyasi zake hazijawahi kukosa maji.

Kutoka ziwani

Wajaluo walianza kujaa Kibera baada ya uhuru, vizuizi vya kikoloni vya kuingia mjini vilipoondolewa. Hapo awali wengi waliofika Nairobi walikuwa wafanyakazi wa reli, na reli iliwapa vyumba Muthurwa na Makongeni. Waliofuata hawakuwa na mwajiri wa kuwapa nyumba. Walihitaji chumba cha bei nafuu ambacho mtu angeweza kutoka alfajiri na kutembea kwa miguu hadi Industrial Area, au hadi majumba ya Ngong Road na Lang'ata kulikokuwa na kazi za ulinzi, upishi na ujenzi. Kibera ilikuwa na nafasi. Machifu na maafisa wa utawala walitoa ruhusa za mdomo za kujenga, wenye uwezo wakainua safu za vyumba vya futi kumi kwa kumi, na kodi ikaanza kutiririka kwenda kwa malandilodi ambao wengi wao hawajawahi kulala Kibera hata usiku mmoja.

Kilichowasukuma kutoka nyumbani nacho kina historia yake. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, na Kisumu ikawa lango la Uganda. Lakini Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alipokwenda kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, alirushiana maneno makali na kiongozi wa upinzani, Mjaluo Jaramogi Oginga Odinga, mbele ya umati, risasi zikafyatuliwa, watu wakafa, na chama cha Jaramogi cha KPU kikapigwa marufuku. Miezi mitatu kabla ya hapo, waziri wa Kijaluo, Tom Mboya, alikuwa ameuawa Nairobi. Nyanza, eneo la Kisumu, ikaingia katika kipindi kirefu cha kuwa nje ya serikali. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, bandari ya Kisumu ikapooza. Kiwanda cha nguo cha KICOMI nacho kikaja kufungwa. Kisumu ilitangazwa jiji mwaka 2001 ikiwa na viwanda vilivyokufa na bandari iliyoota magugumaji. Kila mlango uliofungwa ziwani ulimaanisha kijana mmoja zaidi ndani ya basi la usiku kwenda Nairobi.

Uhusiano wa Kisumu mbili unaonekana vizuri zaidi jioni, kwenye karai la mafuta kando ya njia. Mama anakaanga mgongo wazi, yaani kichwa, mfupa wa mgongo na mkia wa mbuta, vyenye nyama kidogo iliyogandamana na mbavu. Minofu ya samaki huyo imekatwa kiwandani, ikafungwa kwenye barafu na kusafirishwa nje, hasa Ulaya. Mfupa ndio uliopanda lori kuja Kibera. Unanunuliwa na fundi wa mjengo aliyezaliwa kilomita chache kutoka ziwa alimovuliwa samaki yuleyule, naye huula kwa ugali na sukumawiki bila kulalamika, kwa sababu ni mtamu na ana watoto wa kulisha.

Ahadi ni deni

Kama ahadi zingekuwa mabati, Kisumu Ndogo isingevuja. Kwa miaka ishirini, kuanzia 1992 hadi 2013, mbunge wa eneo hilo, wakati huo likiwa sehemu ya Lang'ata, alikuwa Raila Odinga. Mitano ya mwisho alikuwa pia Waziri Mkuu. Hakuna mahali palipompenda zaidi, na kijiji kizima cha Kibera kinaitwa Raila. Viwanja vya Kamukunji, hapo hapo Kibera, vilimsikiliza wakati hotuba ya upinzani ilikuwa hatari kwa msemaji na msikilizaji. Alipofariki Oktoba 2025, Kibera ililia kama iliyofiwa na baba. Mapenzi hayo hayakulizima swali ambalo wapangaji wamelibeba muda mrefu: mbona ukaribu wote huo na wakubwa haukuleta hata bomba la maji taka la kutosha?

Jibu halimhusu mtu mmoja. Mwaka 2001, Rais Daniel arap Moi alitamka Kibera kwamba kodi za nyumba zipunguzwe, na Raila akamuunga mkono. Wapangaji wakagoma kulipa kodi ya zamani, malandilodi wakakataa kuishusha, na mwaka haukuisha kabla watu hawajauana, wengi wa wapangaji wakiwa Wajaluo na malandilodi wakiwa Wanubi na Wakikuyu. Serikali ilikuwa imepanga bei ya chumba bila kusema kiwanja ni cha nani.

Mwaka 2003 serikali mpya ilitia saini na UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa lenye makao makuu hapo hapo Gigiri, mpango wa kuboresha mitaa ya mabanda. Mwaka 2009 familia za kwanza kutoka Soweto Mashariki zilihamia ghorofa za muda kando ya Lang'ata. Nyumba 822 walizopaswa kurudia zilikabidhiwa mwaka 2016. Hiyo ni miaka 13 kwa nyumba 822, katika makazi ambayo sensa ya 2009 iliyahesabia watu 170,070, na ambayo wafadhili walizoea kuyaita ya watu milioni moja. Kisumu Ndogo haikuwa hata kwenye foleni. Awamu ya pili, ya Soweto Mashariki vilevile, ilizinduliwa mwaka 2022.

Kati ya ahadi na ahadi yalikuja mambo mengine. Ghasia za uchaguzi wa 2007 ziliteketeza soko la Toi, na vijana wenye hasira wakang'oa reli iendayo Kisumu na Uganda. Vijana wa NYS, huduma ya vijana ya taifa, walikuja mwaka 2014 wakajenga vyoo na kuzibua mitaro, kisha kashfa ya fedha ikalizonga shirika lao. Julai 2018 matingatinga yalipasua njia ya barabara mpya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na watu wapatao 30,000 wakapoteza makao. Kabla ya hapo, Juni 2017, Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi hati ya ekari 288. Ilikuwa haki iliyochelewa kwa zaidi ya karne moja, lakini mpangaji wa Kisumu Ndogo ilimwacha palepale alipokuwa.

Fahari yenye sababu

Ukimwambia mtu wa Kibera kwamba kwao ni pabaya, jiandae kusikia majina. Atakutajia Olympic, shule ya msingi ya umma iliyokuwa ikitamba katika mitihani ya kitaifa kabla ya elimu bila malipo kulijaza kila dawati. Atakutajia Ken Okoth, aliyezaliwa na kukulia Kibera, akapita Olympic na Starehe hadi vyuo vikuu vya Marekani, akarudi kuwa mbunge wa kwanza wa jimbo la Kibra mwaka 2013 na kumwaga fedha kwenye masomo hadi saratani ilipomwondoa mwaka 2019. Atakutajia SHOFCO, shirika lililoanzishwa na Kennedy Odede akiwa kijana wa Kibera, ambalo lilipitisha mabomba ya maji juu angani kwenye nguzo ili yasichanganyike na uchafu wala kukatwa na magenge ya wauza maji. Atakutajia vijana walioshika vifaa vya satelaiti mwaka 2009 wakachora ramani ya Kibera wenyewe, kwa kuwa ramani za serikali zilionyesha msitu.

Barack Obama alipita humu mwaka 2006 akiwa seneta. Wacheza filamu wa Uingereza walipita kabla yake. Kila mgeni alipiga picha. Wenyeji wamechoka kuwa mandhari ya huruma ya watu wengine, na wana haki ya kuchoka.

Tatizo si uvivu wala upungufu wa wafadhili. Mtu hawezi kujenga choo cha kudumu kwenye kiwanja ambacho tingatinga linaweza kukifuata Jumatatu. Landilodi asiye na hati huweka mabati mabovu ili hasara iwe ndogo siku ya kubomolewa. Kampuni ya maji husita kuzika mabomba, na mwenye genge la sambaza, yaani umeme wa wizi, hujaza pengo kwa nyaya zinazoua watoto. Mkazi naye huweka akiba yake kwenye simba, kibanda cha kijana wa Kijaluo, kijijini Siaya, na mchango mkubwa kuliko yote mtaani huwa ni wa kusafirisha maiti.

Lakini hati peke yake haitoshi, na mtaa wa Kawangware ni shahidi. Kule ardhi ilikuwa ya Wakikuyu wa Dagoretti na ina wenyewe wenye karatasi. Wenye viwanja walikopa benki, wakavunja mabanda na kuinua ghorofa. Maji na stima vikafika, kodi ikapanda, na mpangaji asiyeiweza akafunga godoro lake na kutafuta mabati mengine. Ukimpa landilodi peke yake hati, umejenga nyumba na kumfukuza mtu.

Dawa ipo na imeanza kujaribiwa kwingine Nairobi. Mukuru ilitangazwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017, wakazi wakaketi na kaunti na wataalamu wakachora barabara, mitaro na mabomba kabla ya kufikiria ghorofa. Kisumu Ndogo inastahili mpango kama huo: ardhi ipimwe, umiliki wa pamoja utambuliwe kisheria, haki ya mpangaji iandikwe kando ya haki ya mwenye jengo, kisha mafundi waitwe. Wakati wa uchaguzi ujao, mgombea atakayepanda jukwaa Kamukunji aulizwe jambo moja kabla ya kupigiwa makofi: kijiji hiki kitapimwa mwezi gani, na hati zitatoka kwa jina la nani? Asiye na jibu, ateremke.