Dirisha la Arosto

Arosto ni neno la mtaani la mateso ya mtumiaji wa heroini anayeikosa, na madaktari hawajapata linalolishinda. Pua inachuruzika, miayo inafuatana, tumbo linaendesha, mifupa inauma kama imepitishwa kinuni, na usingizi hauji. Mateja wa Dar es Salaam walikuwa na jina la ugonjwa huo miaka mingi kabla hospitali haijafungua dirisha la kuutibu. Tiba yao pia walikuwa nayo, na ilikuwa ya kutisha.

Mwaka 2005 watafiti waliozungumza na wanawake wanaojidunga heroini jijini humo waliandika habari za tiba hiyo katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ. Mwanamke aliyekwisha kujidunga alivuta damu yake irudi ndani ya bomba la sindano, akampa mwenzake aliyekosa pesa, naye akajidunga damu ile. Waliamini kwamba imebaki na unga wa kutosha kumtuliza. Heroini iliyomo humo ni kidogo mno. Virusi vya UKIMWI, kwa upande wao, havikuhitaji njia nyepesi zaidi ya hiyo. Ni vigumu kuwalaumu wanawake wale: shoga anagaragara chini kwa arosto, nawe huna kingine cha kumpa.

Mambo hayakuanza na sindano. Heroini iliyoenea pwani miaka ya 1980, ikitoka upande wa Afghanistan na Pakistan, ilikuwa ya rangi ya kahawia. Watu waliivuta kwa moshi, au waliichanganya na bangi na kuiita kokteli. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 ukaingia unga mweupe unaoyeyuka upesi majini, na mabomba ya sindano yakafika mageto.

Familia zilijaribu zilichoweza. Kijana alifungiwa chumbani, akapelekwa kwa shehe au kwa mchungaji, akarudishwa kijijini kwa bibi yake, na wengi waliishia mikononi mwa polisi. Malindi ya Kenya ilitangulia kutafuta njia nyingine: mradi wa Omari ulianza huko mwaka 1995 kuwahudumia watumiaji wa heroini. Zanzibar nayo ikapata nyumba za upataji nafuu, ambako mraibu anaishi na waliokwisha kuacha na kufuata hatua 12 zilizoanzia kwa walevi wa Marekani. Wako waliopona humo. Lakini nyumba hizo zinamtaka mtu avuke arosto kwanza, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa.

Dawa ya kuvushia ilikuwepo siku nyingi. Methadoni ilitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya kutuliza maumivu. Mwaka 1964, katika Taasisi ya Rockefeller jijini New York, Vincent Dole, Marie Nyswander na Mary Jeanne Kreek walianza kuwapa waraibu wa heroini dozi ya kila siku. Dawa hiyo hukaa palepale heroini inapokaa kwenye ubongo, lakini huingia taratibu na kudumu zaidi ya saa 24. Mtu halewi wala hashikwi na arosto. Hoja yao iliwaudhi wengi: huu ni ugonjwa wa mwili, utibiwe kama kisukari, hata kwa miaka. Wapinzani walisema ni kumhamisha mlevi kutoka chupa hii kwenda ile. Walikuwa na sababu ya kuogopa, maana heroini yenyewe iliingizwa sokoni na kampuni ya Bayer mwaka 1898 kama dawa ya kikohozi.

Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua kliniki yake ya methadoni Februari 2011, ya kwanza ya umma katika bara la Afrika kusini mwa Sahara. Kisiwa cha Mauritius kilikuwa kimetangulia. Fedha zilitoka zaidi kwenye mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, na jambo hilo lisipitwe haraka. Kilichofungua mlango ni hofu ya virusi, kwa kuwa tafiti zilikuta maambukizi kati ya wanaojidunga yako juu mara kadhaa kuliko ya watu wazima wengine. Teja na arosto yake aliingia nyuma ya hoja hiyo. Hospitali za Mwananyamala na Temeke zikafuata, kisha Mathari jijini Nairobi, Malindi na Zanzibar.

Tiba yenyewe haina mbwembwe. Watoa huduma za mtaani wanamtafuta mtu maskani na kumfikisha kliniki. Baada ya vipimo anaanzishiwa dozi ndogo, kisha inapandishwa polepole. Mwanzoni, kila asubuhi alipanga foleni dirishani, akapewa shira katika kikombe cha plastiki, akainywa mbele ya mhudumu. Jumapili hivyo hivyo, na Idi hivyo hivyo. Aliyetoka Mbagala au Bunju alilipa nauli ya daladala kwenda na kurudi kila siku ya Mungu, ilhali hata kibarua bado hajapata. Na akikipata, ni bosi gani angemvumilia achelewe kila asubuhi?

Katika miaka ya mwanzo ya Muhimbili, wanawake hawakufika hata mmoja kwa kila wateja kumi. Wengi wa waliokuwa wakipeana damu mwaka 2005 walijipatia riziki kwa kuuza miili usiku, na dirisha lilikuwa la asubuhi.